Safari ya Theluji na Haki za Watu

Kila mtoto aliyekaa jamvini katika vyuo vyetu vya pwani amepita katika mlango wa tohara wa kitabu cha Abu Shujaa, na amehifadhi aina saba za maji yafaayo kwa kujitohirisha. Maji ya bahari anayajua, ya kisima anayajua, na ya mvua yamemlowesha mara nyingi. Lakini miongoni mwa saba hayo yamo pia maji ya theluji, nayo huyataja kwa sauti pamoja na wenzake bila ya kuwa na sura yake akilini. Kwa mtoto wa Kariakoo, baridi kali ni ile barafu ya ubuyu inayouzwa mlangoni kwa jirani. Ni kweli kwamba nchi yetu ina mlima wenye theluji, lakini wengi katika wakazi wa Dar es Salaam hawajaukaribia Kilimanjaro, na wataalamu walioipima barafu ya kilele chake wameeleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha toweka ilipofika mwaka 2007.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo huenda Guangzhou, Dubai na Istanbul kufuata mizigo, na huko huona yale ambayo baba zao waliyasoma tu vitabuni. Dubai, tangu mwaka 2005, kuna kilima cha theluji ya kutengenezwa ndani ya jengo la maduka liitwalo Mall of the Emirates. Njia yake ndefu kabisa ya kutelezea ina urefu wa mita 400, na humo ndani baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri ilhali nje watu wanatiririkwa na jasho. Mwenye kwenda Istanbul husikia habari za Uludağ, mlima wenye kimo cha mita 2,543 karibu na mji wa Bursa, wenye mahoteli ya fahari, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao walizofunga miguuni. Baba hurudi na picha katika simu yake, watoto wakaziona, na likizo ya Disemba inapokaribia, wakati sisi tumo katika joto la kaskazi na wenzetu wa huko wamo katika baridi, nyumba nzima huzungumza habari moja tu.

Ndipo linapokuja swali, nami nimeulizwa na zaidi ya mmoja: je, yafaa Mwislamu kutumia mamilioni ya shilingi kwenda kuteleza juu ya theluji?

Barazani watu wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya makafiri na kwamba Mwislamu hana haja nayo. Na wako wanaosema: mali ni yangu, nimeichuma kwa jasho langu, basi nani wa kuniuliza? Maneno ya kundi la kwanza hayana dalili. Theluji ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu kama ilivyo bahari, na katika dua mojawapo ya kufungulia swala, iliyopokewa na Abu Hurayra, Mtume (S.A.W.) ameitaja theluji pamoja na maji na mvua ya mawe katika kuomba kusafishwa makosa. Na huo mji wa Bursa ulikuwa makao ya masultani wa Kiothmani kabla ya Istanbul, na msikiti wake mkuu umesimama tangu mwisho wa karne ya 14. Hauwi mji wa makafiri kwa sababu tu kuna baridi. Ama maneno ya kundi la pili, hayo ni mabaya zaidi, kwani mali tumepewa amana tu, na kila mmoja wetu ataulizwa ameichuma wapi na ameitumia katika nini.

Wala dini yetu haikuja kuwakunjia watu nyuso. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, mara moja Bibi Aisha akamshinda, na mara nyingine Mtume akamshinda yeye. Abu Dardai alipojikaza kwa kufunga mchana na kusimama usiku hata akamsahau mkewe, ndugu yake Salmani alimkataza, akamweleza kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema kwamba Salmani amesema kweli. Baba anayekaa dukani tangu asubuhi mpaka usiku, anayewajua wanawe kwa karo zao kuliko kwa nyuso zao, akipata siku kumi za kucheza nao, hilo ni jambo jema. Fukaha wetu hawakuiharamisha safari ya kujiburudisha, maadamu haina maasia ndani yake. Mambo ya ulevi na ya kukaa uchi yaliyomo katika baadhi ya mahoteli hayo hukumu yake inajulikana, sina haja ya kuirefusha.

Kwa hiyo sitasema kwamba safari hii ni haramu. Ninalotaka tulitazame ni jambo linalotangulia safari, nalo ni mpango wake.

Tazama, ewe ndugu msomaji, jinsi nyumba inavyoupanga mwendo huu. Mwezi wa Februari baba anatia nia. Mwezi wa Machi mama anaingia katika upatu na kuomba apokee wa mwisho, ili fedha zije karibu na safari. Pasi za kusafiria zinatazamwa, iliyokwisha muda inafanywa upya. Bei za ndege zinaulizwa, ya kupitia huku na ya kupitia kule, mpaka ipatikane nafuu. Vijana wanatumwa mitumba ya Karume kutafuta makoti mazito, yale ambayo wauzaji huyatupa pembeni maana hapa Dar es Salaam nani atayavaa? Hoteli inalipiwa kianzio. Kila mtu katika nyumba, hata mdogo wa miaka saba, anaijua tarehe. Nani atalinda duka, nani atamlisha paka, yote yamekwisha semwa. Miezi kumi ya subira na hesabu, bila ya mtu kuchoka wala kusahau!

Mimi nauheshimu mpango kama huo. Lakini nasema kwamba mpango huo ni shahidi. Unashuhudia kwamba mtu huyu anaweza kuweka akiba, anaweza kuhesabu, anaweza kukumbuka tarehe, na anaweza kujinyima leo kwa ajili ya kesho. Akisha kuonyesha uwezo huo katika starehe yake, hatuwezi tena kumkubalia udhuru wa kutoweza katika mambo mengine.

Tuanze na hija. Wengi wetu wa pwani hii ni wafuasi wa Imamu Shafi, na wajanja wetu wameihifadhi vizuri mas-ala moja: kwamba kwa Imamu Shafi hija ni wajibu wenye nafasi, si lazima ifanywe mwaka ule ule mtu anapopata uwezo. Ni kweli. Makka ilifunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra, na Mtume (S.A.W.) akahiji mwaka wa 10, na hiyo ni katika dalili za madhehebu. Lakini wajanja hawa huuacha mkia wa mas-ala. Nafasi hiyo ni kwa mwenye azma ya kuhiji na asiyechelea kwamba mwili au mali itamtoka. Na akifa baada ya kuweza, naye hakuhiji, amekufa ni mwenye dhambi, na hija yake hutolewa katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza, na ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba hata rasilimali ya biashara humlazimu mtu kuitoa kwa ajili ya hija. Basi anayesema “fedha zangu zote zimo katika mzigo” bado hajajitoa.

Azma ni nini? Watu hudhani azma ni kusema “Inshallah mwakani” huku umeshika kikombe cha kahawa. Safari ya theluji imetufundisha sura ya azma. Azma ina tarehe, ina fedha zilizotengwa, ina pasi iliyotazamwa, na kila mtu wa nyumbani anaijua. Ikiwa hivyo ndivyo tunavyoazimia kwenda Bursa, na hija yetu haina hata kimoja katika hivyo, basi hatuna azma ya hija. Na pasipo na azma, ile nafasi aliyoitoa Imamu Shafi haituhusu.

La pili ni deni, na hapa ndipo penye moto, kwa sababu Kariakoo inakwenda kwa deni. Asiyeujua mji wetu adhani kwamba duka lililojaa ni mali ya mwenye duka. Sivyo. Mzigo umekuja kwa kontena la watu watatu. Mwenye duka kubwa amempa mwenye duka dogo kwa mali kauli, yaani chukua kwa neno lako, uza, kisha ulete. Na mwenye duka dogo amempa machinga wa mtaa wa Congo dazeni mbili kwa kauli hiyo hiyo. Kauli inashika kauli, mpaka kwa mama anayepanga mitandio yake chini penye kona. Huu ni utaratibu mzuri, umewatajirisha wengi ambao benki zisingewatazama. Lakini una hatari yake: mtu hushika fedha nyingi mkononi kila jioni, na mkono huzoea, ukasahau kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo inapita tu kuelekea kwa wenyewe.

Kisha mwenye fedha zake anapokuja kuzidai huambiwa: “Njoo Ijumaa.” Akija Ijumaa: “Biashara ngumu, ndugu yangu, subiri mwezi mwandamo.” Na yule anayesema biashara ngumu amelipa kianzio cha hoteli Jumanne iliyopita! Mtume (S.A.W.) amekuhesabu kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Na aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache asiloliachia malipo, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari chache tu! Na jambo ambalo wasafiri wetu wengi hawalijui, nalo limo wazi katika vitabu vya madhehebu yetu, ni kwamba mwenye deni lililofika wakati wake, naye anaweza kulilipa, haijuzu kwake kusafiri ila kwa ruhusa ya anayemdai. Hata safari ya jihadi imezuiliwa kwa sababu hiyo, seuze safari ya kuteleza.

Karibu na deni kuna ujira. Katika kila duka la Kariakoo kuna kijana anayefungua mlango alfajiri, anayebeba marobota kichwani kutoka katika gari hadi ghorofa ya tatu, na anayelala njaa pale mshahara unapokatwa kwa sababu “mwezi huu mbaya”. Inatupasa kukumbuka jina la mahali tunapokaa. Kariakoo ni jina lililotokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita Kuu ya Kwanza ili wabebe risasi na chakula cha askari. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, kwa njaa na kwa kuchoka, na fedha zilizokuwa haki yao hazikuwafikia warithi wote. Tunauza na kununua, tunatajirika, katika mtaa wenye jina la watu waliobeba mizigo na ujira wao ukabaki mikononi mwa wengine. Mtume (S.A.W.) alitaka mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ikiwa tajiri ataondoka kwenda mlimani ambako jasho halitoki kabisa, na nyuma yake kuna jasho la miezi miwili halijalipwa, basi naona haya kuieleza hukumu yake, maana kila mtu anaijua.

Zaka nitaipita haraka. Mali ya biashara huhesabiwa mwaka unapotimia kwa bei yake ya siku hiyo, ikifika nisabu hutolewa asilimia mbili na nusu. Aliyeweza kuhesabu bei ya ndege kwa watu sita hashindwi na hesabu hii.

Hapo mtu mwenye akili ataleta hoja, na hoja yake ina nguvu. Atasema: “Maalim, ukifuata njia hii hakuna Mwislamu atakayefurahi hata siku moja. Maskini hawaishi. Leo yuko mgonjwa Muhimbili, kesho yatima Buguruni, kesho kutwa msikiti wa shamba hauna paa. Nikingoja haja za watu ziishe ndipo nimpeleke mwanangu akaone theluji, mwanangu atakuwa babu.”

Jibu ni kwamba hoja hii imechanganya vitu viwili, haki na hisani. Hisani haina mwisho, na kwa sababu haina mwisho Mwenyezi Mungu hakutufunga nayo. Amewasifu waja wake wasiotapanya wala wasiofanya ubahili, wakawa katikati. Anayetoa sadaka anayoiweza kisha akala embe lake kwa raha hakumdhulumu yeyote. Lakini haki ina mwisho. Haki inaandikika. Deni lina kiasi na lina jina la mtu. Ujira una kiasi. Zaka ina kiasi. Hija ni mara moja katika umri. Chukua daftari usiku mmoja baada ya Isha, uandike haki zote ulizonazo kwa watu na kwa Mola wako, na kabla chai haijapoa utakuwa umemaliza. Hakuna haki ya maskini wote wa Dar es Salaam katika daftari hilo. Yumo fulani wa mtaa wa Sikukuu na laki nane zake. Huyo ndiye anayesimama kati yako na mlima, si umaskini wa dunia. Na mara nyingi tunaupenda umaskini wa dunia uwe ndio hoja, kwa kuwa ni mkubwa mno, hakuna anayeweza kuulipa, na wakati tunaubishania barazani, fulani na laki nane zake anasahauliwa.

Ziko haki nyingine ambazo hazina kiasi cha fedha lakini nazo zinaandikika. Katika nyumba moja niijuayo kuna mama mzee ambaye ombi lake ni kupelekwa Pangani kumtazama nduguye aliyelala kitandani. Mwaka wa kwanza gari lilikuwa bovu. Mwaka wa pili kazi zilikuwa nyingi. Basi la asubuhi linamfikisha mtu Tanga mchana, na kutoka Tanga hadi Pangani si mbali. Mwanawe si mtu mbaya, humnunulia mama dawa na khanga kila Idi. Ila Pangani haikuwahi kuandikwa katika daftari lolote, na mlima uliandikwa tangu Februari.

Ama israfu, watu hutaka niwatajie kiasi: milioni ngapi ni israfu? Hakuna kiasi kimoja. Kuna mtu ambaye siku tatu Lushoto, kwenye baridi ya milima yetu wenyewe, ni israfu kwake kwa sababu amezikopa kwa riba, na mikopo hii ya mitaani ambayo wenyewe wameipa jina la “kausha damu” haikuitwa hivyo bure. Na kuna mtu ambaye siku kumi Uludağ si israfu, amekwisha toa haki zote na bado ana nafasi. Lakini hata huyu namwomba jambo moja, nalo ni kuhusu zile picha. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri aongeze maji katika mchuzi wake ili jirani naye apate. Picha ya theluji haiongezewi maji. Ukiituma kwa watu mia mbili usiku wa Jumamosi, wengi wao wanapepea watoto wao kwa gazeti kwa sababu umeme umekatika, hujampa jirani mchuzi, umempa harufu yake tu. Watumie mama na ndugu, na zilizobaki wawekee watoto watazame watakapokuwa wakubwa.

Nisisahau faida moja kwa atakayekwenda. Theluji haifai kwa kutayamamu, kwani kwetu sisi tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi. Ila ikiyeyuka ni maji safi ya kutawadhia, na ndiyo hayo waliyoyahifadhi watoto chuoni. Msafiri anaweza kupaka maji juu ya khofu za ngozi siku tatu, mchana na usiku wake, akiwa amezivaa naye ana tohara kamili. Na mchana wa Disemba huko ni mfupi, haufiki hata saa kumi, Adhuhuri na Laasiri zinakaribiana. Anayeteleza asije akateleza na wakati.

Kijana mmoja mwenye duka, nilipokwisha kusomesha mas-ala haya ya ruhusa ya mwenye deni, aliniuliza kama ruhusa hiyo yaweza kuombwa kwa simu, kwa kuwa anayemdai yuko Mwanza. Nilimjibu kwamba yaweza, ruhusa ni ruhusa, hata kwa simu. Lakini amweleze mwenye haki yake kwamba anakwenda kutazama theluji. Asimwambie kwamba anakwenda kufuata mzigo.